Baba Zuhura, Nimejifunza Kukaa na Hasira Yangu

Mpendwa Baba Zuhura,

Assalamu alaykum. Usishtuke na hilo "mpendwa". Mama mdogo wa Zuhura, mkeo, akiliona, mwambie ni neno la barua tu, na mwambie pia kwamba namsalimu na namshukuru kwa kumtunza mtoto. Naandika nikiwa barazani kwangu hapa Masasi, asubuhi, jua bado halijavuka yale majabali nyuma ya mtaa. Zuhura yumo ndani, anakunja nguo zake. Kesho anarudi kwako Tunduru, na barua hii ataibeba yeye. Sijaifunga. Ninayoyasema humu ameshayasikia, na akitaka kuyasoma njiani ayasome. Hata mtu mwingine mwenye mtoto wa aina yetu akiiomba, mpe.

Nimekupigia simu mara nne nikitaka kukueleza. Kila mara unapokea: "Haloo, Mama Zuhura, kuna nini?" Na kwenye hiyo "kuna nini" nasikia jinsi ulivyojiandaa kwa vurugu. Basi nakuuliza habari za mvua, nakata. Kwenye karatasi siwezi kukurukia.

Unakumbuka tulivyofahamiana? Ulikuwa bwana shamba mgeni pale Newala, umetoka kwenu Kondoa na suruali mbili, moja imechanika gotini. Ukaileta kwenye kibanda changu cha kushonea, karibu na soko. Nikakuambia njoo kesho. Kesho ukaja, sikuwa nimeigusa. Kesho kutwa vilevile. Mara ya nne ukakuta nimeishona, ila mguu mmoja nimeushona ukafungana chini kabisa kama mfuko, maana nilikuwa nashona huku masikio yangu yako kwenye ugomvi wa wauza ming'oko, vile viazi vya porini. Ulicheka mpaka ukakaa kwenye kigoda cha wateja. Baadaye, tumeshaoana, ukaniambia, "Mimi nilidhani unanichelewesha makusudi ili nirudi." Sikukuambia ukweli. Nilipenda udhani hivyo.

Na zile alfajiri za Juni. Ulikuwa unanipakia kwenye pikipiki ya ofisi, mimi nimejifunga kanga mbili kwa baridi, tunakwenda Shimo la Mungu kabla watu hawajaamka. Tukifika, bonde lote la Ruvuma limejaa ukungu, mweupe, umetulia kama maziwa ndani ya bakuli, na sisi tumesimama kwenye ukingo. Huoni mto. Huoni Msumbiji. Unasikia tu jogoo akiwika chini kabisa, ndani ya ule weupe, kana kwamba anawika katika ndoto ya mtu mwingine. Siku moja ukasema, "Somoe, tukae kimya kidogo tu, mpaka ukungu ufunguke." Nikakaa. Wewe ulikuwa unatazama bonde. Mimi nilikuwa nimeshafika sokoni, nimegombana na mteja, nimekumbuka pasi niliyoiacha na mkaa, nimerudi, nimeanza wimbo, nimeuacha. Nikasema, "Twende." Ukatazama saa yako, ukatabasamu. "Dakika moja na nusu. Umeongeza." Ulikuwa unanihesabia kama mtoto anayejifunza kutembea, na sikuona vibaya. Nilikupenda sana asubuhi zile. Sidhani kama niliwahi kukuambia nikiwa nimesimama mahali pamoja.

Halafu tukahamia Masasi, Zuhura akazaliwa, na vichekesho vyangu vikaacha kuchekesha. Sufuria ziliungua. Funguo zilipotea zikiwa mkononi mwangu. Siku moja nilimsahau Zuhura chekechea mpaka mwalimu akamleta nyumbani mgongoni, amelala, machozi yamemkaukia shavuni. Hata swala zangu unazijua. Nilikuwa nikimaliza nakuuliza, "Baba Zuhura, nimeswali rakaa ngapi?" Sijda ya kusahau, mtaa mzima hakuna aliyeisujudu kunishinda.

Lakini hayo ya kusahau ungeyavumilia, najua. Kilichotushinda ni moyo wangu. Watu wengine hasira zao zina moshi, unaziona kabla moto haujawaka. Zangu hazikuwa na moshi. Kijiko kikianguka, nimeshapiga kelele. Ukisema neno moja, nimeshalia, nimeshaitukana Kondoa yote na waliomo. Nusu saa baadaye nimesahau, nakuuliza kama utakunywa chai, na nashangaa kwa nini umenyamaza. Mimi nilikuwa nimeshatoka kwenye mvua. Ninyi wawili mlikuwa bado mmelowa.

Siku ya kule kijijini Chiungutwa naiandika hapa kwa sababu sijawahi kuitamka. Uliondoka asubuhi ukasahau simu mezani. Ikaita. Jina lililojitokeza: Bi Mkubwa Chiungutwa. Nikapokea, sikusema kitu, sauti ya mwanamke ikasema, "Leo usichelewe, nimekupikia." Sikumbuki nilivyofunga mlango. Sikumbuki kama niliufunga. Nakumbuka bodaboda, vumbi, na mikorosho ikipita pande zote mbili kama watu wanaokimbia kwenda kunishuhudia. Nilikukuta shambani katikati ya wakulima, umebeba mashine mgongoni, unawaonyesha namna ya kupulizia mikorosho dawa ya salfa. Nikapaza sauti: "Huyo Bi Mkubwa ni nani? Atoke nimwone!"

Akanyanyua mkono bibi mmoja wa miaka kama sabini, mwenyekiti wa kikundi chao, ameketi kwenye mkeka na sufuria yake pembeni. "Ni mimi, mwanangu," akasema. "Nimempikia kunde. Karibu na wewe."

Watu walicheka. Kisha walikuona, wakaacha. Uso wako ulikuwa umepauka njano kwa salfa, yanaonekana macho tu. Ukaitua mashine polepole kama mtu anayeshusha mtoto aliyelala. Ukawaambia, "Samahanini sana ndugu zangu, tutaendelea wiki ijayo." Ukaniongoza barabarani bila kunigusa.

Jioni ile ulikaa kitini hata hukunawa. Nilingoja unigombeze. Ukasema, "Mama Zuhura, sijakuchoka. Nimechoka kukuogopa."

Nikakujibu, "Mimi nakufanya nini mpaka uniogope?" Ndivyo nilivyojibu, tena kwa sauti ya juu, na nyuma ya pazia nikasikia miguu ya Zuhura ikikimbilia uani.

Wazee walipokaa kutuachanisha, uhamisho wako wa kwenda Tunduru umeshatoka, walimuuliza mtoto atakwenda na nani. Alikuwa na miaka minane. Alitembea akashika shati lako. Hakunitazama na hakulia. Ningependa angelia.

Baada ya hapo nilikaa peke yangu na cherehani. Moyo ulikuwa unanienda mbio hata nikiwa nimelala chali. Nikadhani ni presha, nikaenda hospitali. Presha haikuwapo. Muuguzi akanitazama, akasema kuna dokta wa mambo ya akili anakuja mara moja kwa wiki, nikamwone. Nilitaka kukataa, maana unajua watu watasemaje. Nilikwenda nimejifunika mtandio mpaka machoni. Nikamkuta binti mdogo, kwao Kagera, ana sauti ya chini. Swali lake la kwanza lilikuwa: "Mama, ulipokuwa darasa la pili ulikuwaje?"

Nilicheka. Kisha nikamweleza. Mwalimu aliniketisha nikitazama ukuta mwaka mzima. Mama yangu, Mungu amrehemu, alinipeleka kwa mganga, ikasemwa nina jini la upepo, nikaogeshwa majani siku saba. Jini halikutoka. Lingetokaje, na halikuwamo? Dokta alisikiliza yote, akanipa maswali mengi ya kujibu, akaniambia nirudi na mtu aliyenijua utotoni. Nikaja na dada yangu Esha kutoka Newala. Nikarudi tena, na tena. Mwisho akaniambia, "Mama Zuhura, una tatizo la upungufu wa umakini. Umezaliwa nalo. Si uvivu, si jini, na si tabia mbaya. Na hizi hasira za ghafla huandamana nalo kwa watu wengi."

Nikamuuliza dawa. Akasema dawa zipo, ila kwa huku kwetu kuzipata ni shida, atafuatilia. "Lakini kuna zoezi tutaanza nalo leo. Halikuponyi. Linakupa nafasi kidogo tu."

"Nafasi gani?"

"Ile iliyopo kati ya kijiko kuanguka na kelele."

Nililia pale kwenye benchi, Baba Zuhura. Sikujililia mwenyewe. Niliuona uso wako na salfa yake.

Zoezi lenyewe ni dogo, mtoto angeweza kulifanya. Unakaa, unafumba macho, unafuata pumzi yako ikiingia na kutoka. Nilikaa. Nikifumba macho tu, kichwani gulio linafunguliwa, kila mtu anauza, kila mtu anaita. Baada ya wiki mbili nikarudi nikamwambia dokta nimeshindwa.

"Umepotea mara ngapi?" akauliza.

"Mara elfu."

"Ulijuaje kwamba umepotea?"

"Nilishtuka tu nikajiona niko mbali."

"Ukafanya nini?"

"Nikarudi kwenye pumzi. Nikapotea tena."

Akatabasamu. "Basi umelifanya zoezi mara elfu. Huko kushtuka na kurudi ndiko zoezi."

Hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba kupotea kwangu kunahesabika. Esha aliposikia aliingia wasiwasi, akauliza kama hiyo ni dini ya watu wengine. Nikamwambia, "Dada, nahesabu pumzi aliyonipa Mungu. Ningehesabu ya nani?"

Kukaa kulinitesa bado, kwa hiyo dokta akaniruhusu nitembee. Kila asubuhi naifuata njia inayokwenda upande wa Lukuledi, polepole, viatu mkononi. Mchanga una baridi. Kisigino kinagusa, unyayo unafuata, vidole vinamalizia. Mikorosho inaanza kutoa maua na harufu yake ni nyepesi, inakuja ukiisahau na kukimbia ukiitafuta. Kuna wakati ukungu unashuka mpaka barabarani, watu wa baiskeli wanatokea ndani yake bila sauti, wananiamkia, wanafutika. Naitikia marahaba kwa mtu ambaye ameshakuwa weupe. Asubuhi kama hizo sijui kama nimeamka au bado naota, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sina haraka ya kujua.

Hasira nayo nilijifunza kuitafuta mwilini. Yangu huanzia kwenye taya. Inapanda masikioni, yanapata moto, kisha inashuka vidoleni. Nikiiona ikiwa bado tayani, naweza kuiambia, karibu, keti. Nikiiona imeshafika vidoleni, nimechelewa. Na nimechelewa mara nyingi, sitakudanganya. Mwaka jana nilimrushia mteja chaki na utepe wa kupimia, akaondoka na kitambaa chake na hajarudi. Nilikwenda kwa dokta nikiwa nimeinamisha kichwa. Akaniambia niwe na huruma na huyo mama aliyerusha chaki. Nikamuuliza mama gani. Akanielekezea mimi.

Sasa nikueleze ya mwezi huu.

Zuhura alipoteremka kwenye basi sikumtambua. Miaka kumi na mitatu, mrefu kama dada zako. Siku za mwanzo alikuwa mpole kupita kiasi. Anaomba ruhusa hata ya kunywa maji. Ulikuwa upole wa mgeni aliyeambiwa kwamba mbwa wa nyumba hii anauma.

Wiki ya pili nilikuwa na gauni la bibi harusi mezani. Hariri nyeupe, mwenyewe ameinunua Dar es Salaam, harusi ni Jumamosi na siku hiyo ni Jumatano. Nilikuwa nimeshachora mistari. Nikatoka kwenda kununua uzi. Niliporudi, Zuhura alikuwa amesimama katikati ya chumba na mkasi mkononi, na kipande cha mbele cha gauni kimekatwa kutoka juu mpaka kiunoni, upande usiopaswa kukatwa.

"Nilitaka nikusaidie," akasema. "Nilianza vizuri. Kisha nikasikia vifaranga nje, nikaenda kuvitazama, nikarudi nikasahau mstari ni upi."

Sikuwahi kuiona ikija upesi namna ile. Taya, masikio, vidole, vyote kwa mara moja. Na mdomo wangu umeshafunguka. Ndipo nikamwona mtoto. Alikuwa ameuangusha mkasi, amerudi nyuma mpaka mgongo umegusa ukuta, na mkono wake umepanda kujikinga uso. Baba Zuhura, wewe ni shahidi wangu, sijawahi kumpiga mtoto huyu usoni. Lakini mwili wake ulikumbuka kitu.

Nikakaa sakafuni. Nikaweka viganja viwili kwenye saruji, ilikuwa baridi. Nikavuta pumzi, ikagoma katikati. Nikavuta nyingine. Kelele yote ilikuwa imejaa kifuani, inasukuma, nami naisikiliza inavyosukuma.

Sijui ni muda gani ulipita. Nikasikia, "Mama, unaumwa?"

"Hapana. Nina hasira. Nangoja ipite."

Akauliza, "Huwa inachukua muda gani?"

"Sijui. Zamani sikuwahi kuingoja. Njoo ukae tuitazame."

Akaja. Akakaa mbali kidogo, akaweka viganja vyake chini kama vyangu. Nje vifaranga vinalia. Hariri ile ilikuwa inaning'inia mezani, upepo wa dirishani unaitikisa, inapumua na sisi. Polepole masikio yangu yakapoa. Nikaanza kulia, lakini kilio cha kawaida, kile kinachoisha. Nikamwambia, "Imepita." Akanitazama muda mrefu sana. Hakuwahi kuniona mahali hapo, upande wa pili wa hasira, nikiwa bado sijavunja kitu.

Ndipo akasema, "Mama, mimi pia kichwa changu kinakimbia."

Akanieleza mambo ambayo hujui. Darasani anasikia mwanzo wa swali na mwisho wake, katikati hakupo. Daftari zake alizokuambia zimeibwa hazikuibwa, alizisahau mahali asipopajua. Anachapwa karibu kila wiki kwa kutomaliza kazi. Akikasirika anakimbilia chooni, anajiuma mkono mpaka iishe, ili asipige kelele. Nimeiona alama. Nikamuuliza kwa nini hakukuambia wewe. Akasema, "Baba huwa ananiambia, tulia, usije ukawa kama mama yako."

Neno hilo lilinichoma, siwezi kukuficha. Nilivaa viatu, nikatembea mpaka barabara kuu na kurudi, mara mbili. Nilikuwa na barua nyingine kabisa ya kukuandikia kichwani. Kufika mara ya pili nikaona kwamba ulimwambia hivyo kwa kumpenda, na kwa yale uliyoyaona nyumbani kwetu. Ningekuwa wewe, labda ningesema hivyohivyo.

Gauni? Tulikwenda wote wawili kwa kina bibi harusi tukasema ukweli. Mama wa bibi harusi alinifokea mbele ya majirani kwa muda wa kutosha kupika wali. Nilisimama, nikisikia nyayo zangu ardhini, Zuhura amenishika kanga kwa nyuma. Alipochoka nikamwambia, "Dada, una haki. Nipe mpaka Ijumaa." Tukaweka lesi pale palipokatika. Jumamosi wageni walisifu ile lesi.

Sasa ombi langu. Sisemi Zuhura ana tatizo langu, mimi si daktari. Dokta mwenyewe amekataa kusema lolote kabla hajamwona vizuri, na amesema atahitaji kusikia kutoka kwako na kwa walimu. Mlete likizo ijayo, au mpeleke utakakoona panafaa, lakini apelekwe. Kwa sasa nenda shuleni uwaombe waache kumchapa. Kazi za nyumbani mgawie kidogokidogo, moja ikiisha ndipo nyingine. Na akianza kupandisha hasira, usimwambie tulia. Hajui kutulia kulipo. Mwambie akae chini, kaa naye, muulize anaisikia wapi mwilini. Yake, ameniambia, huanzia tumboni.

Siombi turudiane, usije ukaelewa vibaya. Una nyumba yako na Mungu aibariki. Nilitaka tu ujue kwamba hali yangu ile ilikuwa na jina, na kwamba ulipokuwa unaniogopa hukuwa mwoga. Nisamehe kwa Chiungutwa. Yule bibi bado yu hai. Nilikwenda kumwomba radhi mwaka juzi, akanilisha.

Zuhura ametoka ndani sasa hivi, ameketi karibu yangu, begi amelifunga na kiatu kimoja amekiacha ndani ya nyumba, hajui ni wapi. Nimemwambia, "Nimemaliza barua ya baba yako. Nimemwandikia yote. Ukimpa, atakuuliza. Unaweza?"

Amefumba macho, mkono ameuweka tumboni. Nimengoja. Jua limefika barazani.

"Naogopa," amesema. "Lakini nitampa."

Wasalaam,
Mimi, Mama Zuhura